Akianguka Yeye Makofi, Nikianguka Mimi Kikao

Nyumbani kwetu hapa Makorora, Tanga, wanaume tuko wawili. Mmoja ni mimi, mwalimu mstaafu, mtu wa kuamkiwa shikamoo mtaa mzima. Wa pili ni mjukuu wangu, mwenye mwaka mmoja na miezi saba, ambaye kwa mila zetu ni mume mwenzangu, maana bibi yake ndiye mke wetu sote. Nilipokuwa kijana utani huo niliuona mtamu. Siku hizi nauona una mshindi, na mshindi si mimi.

Sote wawili miili yetu inabadilika. Yeye meno yanaota, mimi yanang'oka. Yeye anajifunza kutembea, mimi najifunza upya kila nikiinuka kitini. Usiku sote tunaamka, yeye kwa kiu, mimi kwa kibofu. Nyama ikiwa ngumu sote tunaitema. Lakini matendo ni yale yale na hukumu ni mbili. Akimwaga chai yeye, "anakua huyo". Nikimwaga mimi, "Baba, hiyo mikono uende ukaipime". Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka mingi, na jibu moja kulipa alama mbili ni jambo ambalo mkaguzi angenifukuzia kazi.

Tuanze na kutembea. Mume mwenzangu alisimama dede kabla ya kutimiza mwaka, kisha akagoma hapo hapo. Mtoto wa jirani alikuwa ametembea na miezi 10, na jirani hakuacha kututangazia. Mama yake, binti yangu, akakosa usingizi. Bibi yake akawa anamkanda magoti kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, mafuta ambayo mimi nilipoyaomba kwa ajili ya magoti yangu niliambiwa ni ya kupikia. Kliniki muuguzi akawatuliza: Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, likatoa vipimo vyake mwaka 2006, na likakuta kuna mtoto anayetembea peke yake akiwa na miezi 8 na kidogo, na kuna anayengoja mpaka 17 na nusu, na wote ni wazima. Norwei haikumgusa bibi. Omani ilipotajwa akaridhika, ana binamu yake Maskati.

Akatembea na miezi 14, miguu imetanuka, mikono juu, tumbo mbele, kama baharia aliyeshuka jahazini leo. Simu zote zikatolewa, akapigwa picha. Mwendo wangu mimi hautofautiani sana na huo, ila hakuna anayeupiga picha.

Halafu kuna kuanguka. Binti yangu, ambaye kila anachokisoma kwenye simu lazima anisomee na mimi, alinisomea juu ya watafiti wa New York, akina Karen Adolph, waliowarekodi watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza, wakahesabu. Mwaka 2012 wakatangaza kwamba kwa saa moja mtoto anapiga wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Mara kumi na saba kwa saa! Mimi nilianguka mara moja tu, bafuni, na kosa lilikuwa la sabuni. Jioni ile kikao cha ukoo kikaitishwa. Mwanangu wa Arusha akahudhuria kwa simu, wa Muheza akaja na basi la mwisho, shemeji yangu akawa mwenyekiti bila kuchaguliwa. Ikaazimiwa ninunuliwe mkongojo na nisifunge tena mlango wa bafu kwa komeo. Na huyu wa mara 17 kwa saa, akidondoka chini puu, wanampigia makofi: "Jamani, alivyojitahidi!" Mimi nilijitahidi pia. Nilishika ndoo, nikashika pazia, nikashika hewa. Hakuna aliyelitaja hilo kikaoni.

Chakula nacho ni kesi. Mwaka wake wa kwanza mtu huyu alikula kwa bidii mpaka uzito aliozaliwa nao ukawa mara tatu. Mwaka huu wa pili amelegeza. Bibi akaanza kuhesabu nani alikuja, nani alimtazama, nani alisema "kamnono!" bila kusema mashaallah. Muuguzi akaeleza kwamba hapana kijicho hapo. Mwaka wa pili mtoto anaongeza kilo mbili na nusu hivi kwa mwaka mzima, kasi ya mwanzo imekwisha, na hamu ya kula inapungua nayo. Apewe milo mitatu hadi minne kwa siku, bakuli la robo lita au pungufu yake kidogo kila mlo, na kitu cha kutafuna katikati, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Akikataa asilazimishwe.

Hilo la kutolazimishwa limeshikwa nyumbani kwetu kuliko yote. Anawekewa uji wa lishe, anaupaka nywele. Anawekewa maharage ya kupondwa na mchicha, anampa paka. Kisha anakuja kwangu. Ugali wangu wa muhogo na changu wangu wa kuchoma, hivyo anavitaka. Namtolea miiba mimi, kwa miwani miwili, huku chakula kinapoa, na akishiba ndipo nakula kilichobaki na paka. Nikikataa chakula changu mimi, je? Juzi nilisema sitaki tembele, nimechoka nalo. Hakuna aliyesema tusimlazimishe. Nililetewa tembele na maelezo.

La chai ndilo lililonichoma zaidi. Tangu kuumbwa kwa Tanga, babu anakunywa chai ya rangi barazani na mjukuu anachovya mkate kwenye kikombe cha babu. Muuguzi akapiga marufuku: chai inazuia mwili usifyonze madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, na mtoto wa umri huu bado anakua, na damu yake inapungua kwa urahisi. Sibishani na damu ya mtoto. Nilidhani amri ni kwamba yeye asinywe. Kumbe kwa tafsiri ya binti yangu, na mimi nisinywe mbele yake, maana akiiona ataililia. Basi siku hizi nakunywa chai nyuma ya mlango wa jikoni, nimesimama, haraka haraka, katika nyumba niliyoijenga kwa mkopo wa ushirika wa walimu.

Sasa nifike kwenye bao, na hapa naomba msomaji akae vizuri.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Langu nililirithi kwa marehemu baba, la mninga, na kete zake ni komwe zilizong'aa kwa kushikwa na vizazi viwili. Kila baada ya alasiri wastaafu wenzangu walikuwa wakija barazani, tunanamua, tunataji, tunagombana, tunasameheana, watu wanaondoka magharibi ikiingia. Hizo zilikuwa ndizo dakika zangu za kuitwa mwalimu. Mume mwenzangu alipoanza kutambaa, binti yangu alikuja akaishika komwe moja kwa vidole viwili, akaitazama, akanitazama. Komwe ni ya duara, ngumu, telezi, na ukubwa wake unafaa kabisa kuziba koo la mtoto. Vivyo hivyo karanga nzima, vifungo, sarafu na betri za saa. Mpaka miaka mitatu kila kitu kinapitia mdomoni kwanza ndipo kiende kwingine. Bao likapandishwa juu ya kabati.

Lakini lilipandishwa kwa kuchelewa. Tulipohesabu, kete zilikuwa 63.

Tumeitafuta ya 64 uvunguni, ndani ya viatu, ndani ya mtungi, ndani ya spika ya redio, ambako tulikuta kijiko na nusu ya biskuti. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza kama anakohoa au anapumua kwa shida, akaambiwa hapana, akasema kama ameimeza itatoka yenyewe. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mke wetu alikuwa akizikagua pampasi kila asubuhi kwa kijiti, na mimi nikisubiri matokeo mlangoni. Haikutoka. Mpinzani wangu mkubwa wa bao, ambaye nilikuwa nikimfunga apendavyo Mungu, anashikilia kwamba kete 63 si bao, na kwamba kuazima punje ya mahindi ni kuudhalilisha mchezo. Siku hizi anaonekana mwenye afya njema sana.

Nilipolalamika, binti yangu alinitupia maneno yangu mwenyewe. "Baba, si wewe uliyetufundisha habari za Piaget?" Ni kweli, chuo cha ualimu tulimkariri Jean Piaget, yule Mswisi aliyefariki mwaka 1980, aliyewachunguza wanawe watatu tangu uchanga na kuandika kila walichofanya. Aliandika kwamba baina ya mwaka mmoja na mwaka na nusu mtoto anageuka mtafiti. Anaangusha kitu, anatazama kinavyoanguka, anakiangusha tena kwa namna nyingine, aone kama dunia itajibu vile vile. Hiyo niliijibu kwenye mtihani nikafaulu vizuri. Sikuambiwa kwamba vifaa vya maabara vitakuwa vyangu. Mume mwenzangu aliiangusha miwani yangu kutoka kitandani, akainama, akaitazama. Akaiokota, akapanda juu ya kasha, akaiangusha tena kutoka hapo. Piaget angejaza kurasa mbili. Mimi nilimlipa fundi miwani. Simu yangu ilifanyiwa utafiti wa majini, ndani ya ndoo, na meno yangu ya bandia yalichunguzwa kwa njia ambayo sitaieleza gazetini.

La ndoo, hata hivyo, silinung'unikii. Mtoto wa umri huu uzito wake umeelemea kichwani. Akiinama ndani ya ndoo akapinduka, hawezi kujinyanyua, na maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumuua, kimya, mama yake akiwa ukumbini. Kwetu maji yakichotwa yanafunikwa au yanamwagwa. Jiko la mkaa limehamia nyuma ya kizuizi. Chupa ya chai haikai ukingoni mwa meza. Mafuta ya taa hayawekwi tena kwenye chupa ya soda, na aliyeanzisha mtindo huo wa chupa za soda angeshtakiwa. Dawa zangu za presha ziko juu kabisa ya kabati, jirani na bao. Nalalamikia kitu kimoja tu katika mpango huo: vitu vyangu vyote vimehamia juu, na katika nyumba hii aliyekatazwa kupanda stuli kwa azimio la kikao ni mimi.

Piaget huyo huyo ana kisa kingine ambacho nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wa ualimu waliokuja shuleni kwetu kwa mazoezi. Binti yake Jacqueline, akiwa na mwaka na miezi 4, alimwona mtoto mgeni akipandisha hasira, anapiga kelele, anakanyaga miguu. Jacqueline alitazama tu. Kesho yake akairudia hasira ile nzima nzima, kwa ustadi. Mtoto anaona leo, anaweka, anatoa kesho. Wa kwetu ameniona mimi. Anatembea na mikono nyuma. Anakohoa mara mbili kabla ya kuingia chumbani. Akikaa anashika kiuno na kutoa pumzi ndefu, "yaaaraabi". Nyumba nzima inaanguka kwa kicheko, wanamwambia, "Rudia, rudia!" Mimi nimekuwa nikishika kiuno hicho tangu mwaka jana na hakuna aliyeniuliza kinauma wapi.

Taarifa ya habari pia nimepoteza. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya runinga wala simu kabisa, na akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Runinga yetu iko ukumbini, na yeye saa mbili usiku yuko ukumbini, macho makavu. Nasikiliza redio jikoni, karibu na chai yangu.

Kulala msiniulize. Anatakiwa apate saa 11 mpaka 14 kwa usiku na mchana, na za mchana akizilala nyumba inanong'ona, mlango unafungwa kwa vidole, muuza samaki anazuiwa kona ya mtaa asipige kelele. Nikijinyoosha mimi adhuhuri: "Baba, ukilala mchana usiku utakesha."

Kwenye poti, kidogo ndoa yangu ivunjike. Binti yangu amesoma kwamba mtoto asiharakishwe, angojewe aonyeshe dalili: akae mkavu kama saa mbili hivi, ajue kusema au kuashiria, aweze kuvua bukta. Kwa wengi dalili hizo zinakuja baina ya miezi 18 na miaka miwili, na wengine baadaye. Mpaka hapo, pampasi. Mke wetu ni Mdigo wa Mkinga, na aliposikia hivyo alikaa chini kwanza. Kwao, alisema, mtoto wa miezi sita anayekojoa hovyo ni aibu ya mama. Mama anakaa chini, ananyoosha miguu, anamkalisha mtoto katikati, anamfanyia "shuuus", mtoto anakojoa. Baada ya muda sauti hiyo pekee inatosha. Binti akacheka, akasema hizo ni hadithi za bibi.

Hapo nami nikaingilia, kwa sababu jambo hilo nalijua, na kwa sababu pampasi zinanunuliwa kwa pensheni yangu. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya. Watafiti walikuta akina mama wanaanza kazi hiyo mtoto akiwa na wiki chache tu, na kufika miezi mitano au sita mtoto ni mkavu usiku na mchana. Wazungu walishangaa, maana kwao walikuwa wameamua kwamba misuli ya mtoto haiko tayari. Mke wetu aliposikia kwamba mama yake mzazi yumo kwenye jarida la Marekani, au angalau watu wa ng'ambo ya pili ya mpaka wa Horohoro, alinitazama kwa jicho ambalo sikulipata tangu harusi.

Haikusaidia kitu. Bibi wa Kidigo anashinda na mtoto mgongoni na anajua kila pumzi yake. Binti yangu anatoka nyumbani alfajiri kwenda bandarini, na bibi yake naye ana biashara yake ya vitumbua. Anayebaki na mtoto ni mimi, na "shuuus" yangu, kwa umri wangu, inaniathiri mimi kabla yake. Tuko kwenye pampasi. Poti imekuwa kofia.

Maneno yanakuja. Anasema mama, bibi, maji, nyau, na "apana", hilo la mwisho kwa kila swali, hata ukimuuliza kama anataka ndizi, huku anaipokea. Watoto wengi wakikaribia miaka miwili huanza kuunganisha maneno mawili mawili, na wetu ameanza: "babu toka". Bahati mbaya neno "babu" amelipanua. Kila mwenye ndevu nyeupe ni babu. Imamu ni babu, muuza kahawa ni babu, na beberu wa jirani, mwenye ndevu ndefu kuliko zote, ndiye babu anayemshangilia zaidi. Wanasema ni akili hiyo, ameona sifa moja akaitumia kwa wote, atapunguza mwenyewe maneno yakiongezeka. Mimi nilimwita jirani yangu kwa jina la kaka yake, ambaye wanafanana kichwa na kiwiliwili, na jioni nikasikia wakinong'ona kwamba "Baba ameanza kusahau".

Hasira zake ni za hadharani. Tulikuwa soko la Mgandini, akataka ndizi, nikamnunulia, nikammenyea. Kumbe alitaka kumenya yeye. Nikajaribu kurudisha ganda. Ganda la ndizi halirudi. Akalala chali katikati ya njia, baina ya nyanya na vitunguu, akapiga ukunga ambao nadhani ulisikika bandarini kwa mama yake. Kila muuzaji akawa daktari. Mmoja alisema nimpige, mwingine nimpe pipi, wa tatu akaniuliza kama kweli huyu ni mtoto wangu. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba umri huu hisia zimeshakuwa kubwa na maneno bado ni machache, basi zinatokea zinapoweza. Ukae karibu, uhakikishe haumii, usipige, usihonge, ungoje zipite. Nilikaa karibu, juu ya gunia la mtu. Zilipita. Alipoinuka aliila ndizi ile ile, yenye mchanga. Mimi maneno ninayo tele, lakini siku niliyopandisha sauti dirishani kwa ajili ya pensheni, mlinzi aliniambia, "Mzee, tulia."

Jambo moja nitalisema bila mzaha. Magego yalipokuwa yanamtoka, akaharisha na joto likapanda. Jirani mmoja mwenye nia njema akatuambia ni meno ya plastiki, tumpeleke kwa bibi fulani akayang'oe. Kinachoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya chonge, meno halali ya mtoto ambayo hutoka baina ya miezi 16 na 23. Wakiyachokoa kwa kisu au msumari wanaacha kidonda, wanaingiza maradhi, wanaweza kuharibu mpaka meno ya ukubwani, na wapo watoto waliopoteza maisha kwa hilo. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvichumvi ya pakiti, vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, na kuendelea kumnyonyesha na kumlisha. Joto likipanda apelekwe hospitali akapimwe malaria na mengineyo. Jirani nilimshukuru, nikamwambia mtoto haendi kokote. Mume mwenzangu ni mume mwenzangu, lakini chonge zake zitatoka zenyewe.

Turudi kwenye kunung'unika. Alipotimiza miezi 18 mimi ndiye niliyempeleka kwa dozi ya pili ya surua na rubela, mwanaume peke yangu kwenye benchi la akina mama. Sindano ilipoingia hakumtazama muuguzi aliyemchoma. Alinitazama mimi, kwa huzuni ya mtu aliyeuzwa. Akapimwa uzito, mstari kwenye kadi yake ukaonekana umepanda, muuguzi akampongeza, akanipongeza na mimi. Wiki ile ile nikaenda kliniki yangu ya presha. Mstari wangu nao ulikuwa umepanda. Nikagombezwa.

Sasa anakaribia miaka miwili, na nasikia mipango ya zawadi inapangwa bila mimi. Ndugu na marafiki, nawaomba kupitia safu hii. Yule aliyeahidi viatu vinavyopiga mluzi kila mtoto akikanyaga, akumbuke kwamba ni hatua 2,368 kwa saa, na mimi ndiye ninayeshinda naye. Ngoma msilete. Filimbi msilete. Gari lenye king'ora mpelekeeni mtoto wa shemeji yangu, yule mwenyekiti. Mkitaka kuleta kitu leteni pampasi, au dagaa, au kitabu cha picha chenye kurasa ngumu zisizotafunika. Na mwenye komwe moja ya ziada aipitishe kwangu Makorora, wakati wowote baada ya alasiri, mtoto akiwa amelala.